Mwanafunzi Niliyemwambia Asubiri Jumatatu

Binti yule aliingia ofisini kwangu Ijumaa mchana, ameshika tumbo. Nilikuwa mlezi wa wanafunzi katika chuo kimoja cha Mbeya. Kazi hiyo sikuisomea popote. Nilitoka kuwa karani wa maktaba, nikajifundisha mwenyewe kwa kusoma miongozo, na kila jambo nikalitengenezea fomu yake. Nikamjazia fomu ya zahanati, nikamwambia mganga wa chuo atarudi Jumatatu. Akasema, "Asante, mwalimu," akaenda bwenini.

Jumapili asubuhi wenzake walimbeba hadi hospitali. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Jioni akafariki.

Jumanne tulimpeleka kwao Kilolo. Nilikuwa nimeamua kwamba hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho: nikishamzika, naacha ajira. Tulisimama njiani, pale Nyololo, kukaza kamba za turubai lililofunika jeneza, manyunyu yakidondoka, simu ikaita. Alikuwa mlezi wa chuo kingine cha Iringa, mama wa makamo ambaye sikuwahi kumwona. Tulikuwa pamoja katika kundi la walezi kwenye simu. Mimi sikuwahi kuandika neno humo, ila habari ya msiba ilikuwa imewafikia.

"Ukifika Mlandege unipakie," alisema. "Jeneza la mwanafunzi halipiti Iringa na mlezi mmoja. Ndivyo tulivyokubaliana hapa."

Nilimpakia. Hakuniuliza kitu njia nzima.

Baada ya mazishi niliingia walimokaa wanawake, nikiwa na begi la marehemu na fomu ya makabidhiano. Nilikuwa nimeorodhesha kila kitu: mashuka mawili, viatu vya wazi, madaftari, Biblia. Nikachuchumaa mbele ya mama yake, nikampa kalamu. Alinitazama kama mtu asiyeelewa kalamu ni ya nini. Mjomba wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni.

"Hata mzigo wa basi tunasaini hivihivi," alisema. "Chuo kimetuletea mtoto au kifurushi?"

Yule mwenzangu wa Iringa alichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja, akakaa mkekani kando ya mama. Akafungua begi, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja. "Hili shuka lake, mama. Hii Biblia yake." Mama alipokea kila kimoja, akakinusa, akakiweka pajani. Mimi nilitoka nje.

Tuliporudi Iringa alinipeleka kwenye mgahawa mmoja pale Mlandege. Walezi wengine watatu wa vyuo vya mjini walikuwa wanatusubiri na chai. Mmoja, mzee mnene, alisikia habari ya fomu akatikisa kichwa.

"Afadhali wewe, ndugu yangu. Mimi nilisoma wasifu wa marehemu nikataja jina la kaka yake. Kaka mtu akasimama akasema, 'Mwalimu, mimi nipo.'"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaona haya, nikawaeleza habari ya Ijumaa. Nilidhani wangeniambia kwamba si kosa langu. Hakuna aliyesema hivyo.

"Mama yake anajua?" aliuliza yule mama wa Iringa.

"Hajui. Na mimi naacha kazi."

"Acha. Lakini kesho tunarudi Kilolo kwanza. Hujamaliza msiba wa watu."

Kesho yake tulirudi. Mama alikuwa amekaa palepale mkekani. Nilimweleza tangu binti alivyoingia mlangoni kwangu hadi alivyotoka, sikuruka kitu.

"Alisema linauma sana?" aliuliza.

"Alisema kidogo."

"Kidogo." Akalainisha mkeka kwa kiganja. "Alivunjika mkono akiwa darasa la tatu, akasema kidogo. Ungenipigia ningekwambia. Namba yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Imeandikwa kwenye fomu zetu."

Akageuka, akautazama ukuta. Hakunisamehe, na sikumwomba. Mjomba alitusindikiza hadi kwenye gari, akafunga mlango wa upande wangu kwa mikono miwili.

Sikuacha kazi. Si kwamba nilipata nguvu. Hadi leo nikisikia hodi ya Ijumaa mchana nasita kuitikia "karibu". Ila nilipokaa kuandika barua ya kuacha kazi, niliona kwamba atakayenifuata angekuta makabrasha yangu yote yamepangwa vizuri, lakini asingekuta alichoniambia mama wa marehemu. Wenzangu wa Iringa sasa nawapigia kabla ya kuamua jambo, na wao hunipigia. Mara nyingine wananiambia nimekosea. Jeneza likielekea upande wa Mbeya, mimi ndiye ninayelipokea njiani.

Muhula uliofuata mwanafunzi mmoja alikuja akisema kichwa kinamgonga. Nilimwambia akae, nikampigia mama yake palepale, sauti ikasikika ofisi nzima.

"Kichwa?" mama alisema. "Mwulize kesho ana mtihani gani."

Binti akainamisha uso. Alikuwa na mtihani wa hesabu. Nikachukua koti langu, nikampeleka hospitali hivyohivyo, tukakaa kwenye benchi hadi jina lake likaitwa.