Mrututu Bwawani

Sikuzaliwa mwepesi wa kuamini watu. Mtu akimsifu ng'ombe wangu, kabla sijaitikia nimeshajiuliza anataka nini. Kwa hiyo mlinzi wa bwawa aliponiambia nihamishe zizi, sikusikia ushauri. Nilisikia husuda.

Bwawa lilikuwa bondeni, nje ya Temeke. Serikali ya Mwingereza ilijenga ukuta wa udongo ili tuachane na visima vya maji ya chumvi. Zizi langu lilikuwa juu ya mteremko, nami niliishi kwa kuuza maziwa. Mlinzi alikuwa mtu wa bara, mpole kupita kiasi, na mtu mpole kupita kiasi mimi simwamini. Aliishi na mkewe mjamzito katika kibanda cha serikali kando ya ukuta. Kazi ikiondoka, kibanda nacho kinaondoka.

Mwaka ule, baada ya mvua za vuli, jua lilikaza, upepo ukakata, na maji yakageuka kijani. Utando ukatanda juu yake, mzito kama mlenda, ukinuka. Asubuhi moja mlinzi akaja zizini.

"Mama, ukijani ule unakula samadi. Mvua inaishusha kutoka hapa kwako. Ukipata samadi, na jua, na maji yametulia, haushikiki. Dawa nitatia, lakini samadi ikiendelea kushuka utarudi tu."

"Kwani mwaka jana ng'ombe wangu walikuwa hawanyi?"

"Mwaka jana walikuwa wawili, Mama. Leo wako sita."

Hapo ndipo aliponikorofisha. Kwetu mtu hahesabiwi mifugo yake. Kumhesabia ni kumtakia mabaya. Nikamwambia aondoke zizini kwangu na macho yake.

Tangu siku hiyo nikawa namchunga yeye kuliko ng'ombe. Nikamwona ndani ya mtumbwi, anakokota gunia majini, anakwenda na kurudi, na nyuma yake maji yanageuka buluu. Alipoondoka nikashuka ukingoni nikaokota chembe zilizodondoka. Mrututu! Tuliujua sote: unachoma vidonda, na anayeunywa haamki. Siku ya tatu perege wakaelea, matumbo juu.

Mlinzi alijaribu kueleza kwamba ukijani umekufa wote kwa mpigo, umeoza, na samaki wamekosa pumzi. Nilimwacha akisema. Nikatia perege kapuni, nikafunga zile chembe katika pindo la khanga, nikaenda kwa jumbe.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, binti yangu. Una hakika na haya?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, Jumbe. Yule anatuua."

Kesho yake sote tunaochota bwawani tulijaa mlangoni kwa mzungu wa serikali aliyesimamia maji, na ndoo zetu. Dawa alikuwa ametoa yeye mwenyewe, tena kwa kipimo, lakini hakutaka fujo. Mlinzi akafukuzwa. Alipita chini ya zizi langu na sanduku kichwani, mkewe nyuma yake na godoro, anapumzika kila hatua chache. Nilifurahi, sitaficha.

Akaletwa mlinzi mwingine, kijana wa hapahapa, mcheshi. Kila siku alipita zizini akichungulia. Huyu naye, nikasema, ana lake. Nikalihamishia zizi upande wa pili wa kilima, asikoweza kuona kitu, na samadi yote nikaibeba hadi shambani kwenye mihogo. Sikufanya hivyo kwa sababu nyingine yoyote.

Masika ikapita, vuli ikapita. Jua likakaza kama mwaka ule, upepo ukakata. Nikangoja ukijani. Haukuja. Nilisimama bwawani maji yakinifika magotini, nikaona vidole vyangu vya miguu.

Wanawake walikuwa wakichota huku wakimsifu mlinzi mpya kwa dawa yake nzuri. Wala hakuwahi kutia kitu. Mtumbwi wenyewe ulishaliwa na mchwa. Niliwaza yule mama alijifungulia wapi. Aibu ikanipanda hadi masikioni. Maneno ya kusema nilikuwa nayo yote, na watu wa kuwaambia walikuwa wamesimama mbele yangu.

Mmoja wao akanigeukia. "Lakini wa kushukuriwa ni wewe, dada. Wewe ndiye uliyetuokoa na yule muuaji."

Nikajitwika ndoo yangu. "Tumshukuru Mungu," nikasema.