Test zote vert, njo nikaanza kuogopa

Leo nimefuta kusudi mustari wa programme unaoliza alarme, nione kama test zitalalamika, na test zote zikapita vert, rangi ya kijani.
Zote. Nyinyi mungeamini?

Mimi na dada Furaha tumeandika programme mu C ya kulinda chumba ya fromage, ile jibini, ya Papa Bahati, kule Kingi. Joto ikipanda, alarme inalia.

Mu test hatutumie alarme ya kweli. Kuko outil, programme ingine ya kusaidia, inatutengenezea fonction ya kuiga, inasimama mu nafasi yake.

"Iko vert," Furaha akasema. "Unatafuta nini tena?"

Nikafungua configuration ya ile outil. Ile fonction tuliipa ruhusa ya kunyamaza: uiite, usiiite, kwake yote iko sawa.

Nikaondoa ruhusa, nikaandika: lazima iitwe. Rouge, nyekundu: test imekataa. Nikacheka, njo nilikuwa natafuta ile.
Nikarudisha mustari.
Rouge tena.

Kicheko ikaisha. Programme inaona joto imepanda, kisha inatoka mbele ya kufika ku ule mustari. Alarme haiitwe hata kidogo.

Furaha akauliza pole pole: "Ile ya kwa Papa Bahati, si tulishaiweka?"

Tuko mu njia ya Kingi sasa. Jana Papa Bahati alitushukuru sana kwa machine yetu. Eti haijamusumbua hata siku moja.