Mashine Isiyokumbuka

Zamani Kitahana tulikuwa na mashine moja tu ya kusaga, na mama yangu hakuwa na urafiki nayo. Desturi ilikuwa hivi: ukimkuta mwenye udaga, ule muhogo mkavu, mbele yako, unatanguliza konzi ya nafaka yako, unga wake unautupa, uondoke na mabaki ya muhogo. Siku moja mwenye mashine hakumwambia mama nani kamtangulia, na ulezi wa uji wa dada yangu, mzazi wa juzi, ukatoka mchungu. Mama akamrudia: "Mashine yako ina kumbukumbu kuliko wewe!"

Nimeyawaza hayo kwa kuwa wiki hii nimeletewa habari kwamba yule bwana wa kompyuta wa Kasulu amefia huko alikokwenda. Mnanijua, wasomaji wangu, shule niliichungulia dirishani tu. Yeye, mtoto wa wakimbizi wa Burundi aliyekwisha kuwa raia, ndiye aliyenieleza fanksheni, kile kipande cha programu kinachofanya kazi moja. "Muzehe, ni mashine isiyokumbuka. Ukiipa mahindi yale yale, unga ni ule ule, leo na mwakani. Haigusi cha jirani, na gunia lako linabaki lilivyo." Nikamuuliza, "Linabaki limejaa? Basi hiyo ningeioa!" Alicheka mpaka akashika meza. "Na inachotoa unakitia kwenye mashine nyingine, na nyingine, mpaka ugali."

Aliitengenezea zahanati yetu programu ya simu: unaingiza uzito wa mtoto, inakupa kipimo cha dawa, basi. Wakubwa wakataka iwe inakumbuka uzito wa mwisho, kazi iende haraka. Akakataa. Wakaikabidhi kwa fundi mwingine, akaitia kumbukumbu. Kwenye kikao cha kamati, nami nikiwa mjumbe, bwana huyu akaomba ile simu, akaacha nafasi ya uzito wazi, akabonyeza. Kipimo kikatoka, cha mtoto aliyetangulia, tena mnene.

"Huo ndio udaga," akasema. "Mtaua kichanga."

"Foleni imefika barabarani," mwenyekiti akajibu, "wewe unatuletea mambo ya unga!"

Nikasema asikilizwe. Nikaambiwa, "Mzee, kunywa soda."

Nilizeeka nikidhani shida yetu ni kukosa vitu. Kumbe hata kizuri kikifika, tunakisagia juu ya mabaki ya jana, na hakuna wa kutupa konzi ya kwanza. Programu ile inatumika mpaka leo.

Siku ile ya kikao, bwana yule aliiweka simu mezani taratibu, kama yai, akachukua koti lake, akatoka. Tulidhani amekwenda kujisaidia. Hakurudi.