Nilivyosugua Birika la Wenyewe

Dada unayesoma, wewe nakuamini, usinicheke kabla sijamaliza. Kina mama wa kanisa letu hapa Guildford, Uingereza, walinituma nitangulie kwenye kamji kadogo huko kusini, nitafute pa kulala na pa kutembelea.

"Huyo? Atatulaza porini!" akasema Mama Riziki. Nikaapa nitamwonyesha.

Nikakuta nyumba ya kizamani, mlango wazi. Nikapiga hodi, kimya. Ndani vitanda vimetandikwa vizuri, ila birika jikoni lina masizi ya kutisha. Nikajua hii ndiyo gesti. Na kwetu mgeni hakai tu akitazama uchafu. Nikaimba pambio, nikasugua birika mpaka nikaona sura yangu.

Nikawapigia simu, kina mama wakafika. Mama Riziki akavua viatu, akajitupa kitandani. "Bwana asifiwe, leo umeniweza!"

Mara akaingia mzee mmoja na watalii nyuma yake. "Karibuni kwenye makumbusho yetu," akawaambia. "Birika la jikoni lina masizi yaleyale ya wenye nyumba wa kwanza."

Wote wakanigeukia. Birika mkononi, linang'aa.

"Mama Baraka," akaniuliza Mama Riziki kutoka kitandani, "huyo ndiye mwenye gesti?"

Tafadhali, msimulie na mwenzio anayepangia kanisa safari: asome kwanza kibao cha mlangoni.