Aliyepaswa Kuonja Kwanza

Miaka ile ya wakimbizi, kipindupindu kilipoingia kambini Lukole, Speciosa alikuwa muuguzi katika hema la wagonjwa. Wauguzi walikuwa wachache, zamu zikaunganishwa. Mikono yake ilibabuka kwa maji ya klorini, lakini hakuacha kunawa hata akiwa nyumbani. Alipoomba kupumzika, wakubwa walimwambia avumilie. Neno hilo hutamkwa kwa urahisi na watu waliolala vizuri.

Siku moja alipewa ruhusa ya mchana kwenda kijiji cha Keza, mdogo wake Gaspari alipopeleka pombe ya ndizi ukweni. Kwetu, mleta pombe huivuta kwanza kwa mrija, wenyeji wajue haina sumu. Upande wa muoaji, kazi hiyo ilikuwa ya dada mkubwa. Mtungi ukawekwa mbele yake. Speciosa akautazama tu.

"Gaspari, maji ya kutengenezea mlichemsha?"

Mzee Gervasi, baba wa binti aliyeposwa, akacheka kwa hasira. "Haya! Muuguzi anaogopa pombe ya kwao. Sisi ndio tuinywe?"

"Dada, unanikosesha mke," Gaspari akanong'ona.

Speciosa akavuta. Mtungi ukazunguka, mrija ule ule, mdomo kwa mdomo. Gaspari akakubaliwa.

Tangu hapo, kila alipotoka zamu, badala ya kulala, Speciosa alidandia lori hadi Keza, nyumbani kwa Gervasi.

"Shikamoo, baba. Tumbo linaendeleaje?"

"Marahaba. Tumbo langu lina nini? Jana umeuliza, leo tena! Unatuombea ugonjwa?"

Hakuna aliyeugua. Hata hivyo aliendelea kuja. Gervasi akaanza kusema hadharani kwamba ukoo wenye dada wa namna hiyo haufai kuolewa nao. Ajabu ya watu wazima: wote waliona macho yake yalivyozama, wakajadili adabu yake.

Mke wa Gervasi ndiye aliyemwahi mlangoni asubuhi moja. "Na wewe, mwanangu, umeamkaje?"

Speciosa akaketi kizingitini akalia, kisha usingizi ukamchukua hapo hapo. Gervasi akaenda kuleta mkeka.

Mchana gari la kambi likaja kumfuata, likapiga honi. Gervasi akatoka na fimbo.

"Nyamazisha hilo! Mkwe wangu amelala."

"Mzee, wagonjwa wanasubiri."

"Basi kamwambie mkubwa wenu avue hivyo viatu vyake vya kifahari, aingie hemani awauguze mwenyewe."

Dereva akageuza gari.