Duara la Waya Lenye Kitambaa cha Kijani

Ipo Jumatano moja ninayoikumbuka kuliko siku yangu ya harusi, mwanangu. Kaa hapa, na hiyo simu iweke chini kidogo. Tangu uje umekuwa ukimsema jirani yako wa saluni: mara wateja wake amewapata kwa dawa, mara mumewe ni mjinga kwa kuwa anamletea chai kazini. Nimekusikiliza tu. Maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi kabla wewe hujazaliwa, dada yako Moraa akiwa bado anang'oka meno ya utoto.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye veranda moja mjini Kisii, nashona magauni ya harusi na sare za shule. Mlango wa pili alikuwa Kerubo, muuza maua. Alipofungua watu walimcheka sana: nani atanunua maua huku kwetu, na kila boma lina maua yake? Lakini alikuwa na mikono, huyo mwanamke! Alichukua yale maua meupe marefu yanayoota kando ya mito, akayachanganya na mawaridi ya shambani kwake, na bibi harusi akiyashika unaona kweli huyu anaolewa. Kwa wenye misiba alisuka mashada. Hapo ngoja nikueleze kitu, maana ndipo dhambi yangu ilipojificha.

Shada lake lilisukwa juu ya duara la waya, na waya siku hizo haikupatikana ovyo. Maua yakishakauka kaburini, wenye msiba wenyewe walilitoa duara na kumrudishia. Yeye alilifunga kitambaa kidogo cha nyumba hiyo, akalitundika ukutani. Nyumba ile ikifiwa tena, shada lao lilisukwa juu ya duara lilelile. Alikuwa akisema, duara la nyumba lirudi nyumbani. Baba yangu alipofariki, mimi kwa mikono yangu nililitoa duara lake kaburini kule Ikonge nikampelekea Kerubo, na kitambaa nikakikata mwenyewe, kipande cha kijani cha sare niliyokuwa nashona wiki hiyo. Kwa hiyo usije ukanitetea kwamba sikujua. Nilijua vizuri sana.

Sasa wivu. Ulianzia kwenye mkeka. Kila siku saa saba Kerubo aliegesha mlango, akatandika mkeka nyuma ya ndoo za maua. Mumewe Mogaka, fundi wa viatu mtaa wa nyuma, alikuja. Watoto wao wanne walikuja mbio kutoka shule. Hakuna aliyemega ugali mpaka wote wafike, na aliyewanawisha mikono ni Mogaka, mwanamume mzima na birika mkononi! Mimi niko pale veranda na kiazi changu cha baridi. Baba yako yuko Mombasa, barua moja kwa miezi mitatu. Na ule ukuta ulikuwa wa mbao tu, kwa hiyo kila kicheko nilikisikia. Jamani, kile kicheko kilinichoma! Nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili nisikisikie, hata pale ambapo sikuwa na nguo ya kushona.

Jumatano hiyo Moraa alinipotea saa ya chakula. Nilimtafuta barabarani, nikamtafuta kwa muuza sukari, kumbe ameketi kwenye mkeka katikati ya watoto wa Kerubo, mboga ya chinsaga imejaa mdomoni. Alikuwa anamnyooshea Mogaka sahani.

"Baba, niongeze," akasema.

Baba! Mtoto wangu mwenyewe. Nikamshika mkono nikamwinua.

"Mama Moraa, mwache amalize," Kerubo akaniambia. "Na wewe karibu. Mkeka una nafasi."

"Mwanangu hana njaa," nikajibu, na mtoto bado anatafuna.

Jioni nikaenda soko la Daraja Mbili kununua ndizi. Mama mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake akaniuliza kama maua ya Kerubo ni mazuri. Ningesema ndiyo, nikabeba ndizi zangu nikaenda zangu. Badala yake nikashusha sauti.

"Mimi sina neno," nikamwambia. "Lakini jiulize, yeye huwa anatoa nini kwenye makaburi ya watu?"

"Unasema nini wewe!"

"Sijasema kitu."

Haikupita wiki mbili maneno yangu yakanirudia, yamenenepa. Kerubo anafukua makaburi. Kerubo huosha maua ya maiti na kuwauzia maharusi. Na kwetu, mwanangu, mtu anayechukua kitu kaburini huitwa jina moja tu, na kwa jina hilo watu wamechomewa nyumba. Je, niliogopa? Kidogo. Ukweli ni kwamba nilifurahi zaidi ya kuogopa. Harusi tatu zikaghairi maua yake. Watoto wake wakaitwa wachawi shuleni. Wateja wakawa wanapita mlango ule wakitazama ng'ambo ya barabara. Na bado saa saba ikifika mkeka unatandikwa, na wanacheka! Hapo ndipo wivu uliponikaba hasa. Nikawa najiuliza, huyu nimnyang'anye nini ndiyo alie?

Mwezi uliofuata mama yangu akafariki. Siku ya mazishi boma letu la Ikonge lilijaa, akina mama wa kanisa wanaimba, mara nikaona watu wamesimama langoni. Kerubo, Mogaka na wale watoto wanne, nguo zimepigwa pasi, wametoka mjini kote huko. Kerubo alikuwa amebeba shada jeupe kwa mikono miwili.

Baba yangu mdogo, aliyekuwa akiongoza shughuli, akainua fimbo yake.

"Hayo maua hayaingii hapa."

Kisha akanigeukia mimi, mbele ya ukoo mzima. "Nyaboke, wewe na huyu mko mlango kwa mlango. Yanayosemwa ni kweli, ama ni uongo?"

Nyimbo zikakatika. Lilikuwa neno moja tu, mwanangu. Uongo. Nikalitazama lile shada nikitafuta mahali pa kuficha macho, na chini, kati ya maua, nikaona kitambaa cha kijani. Lilikuwa duara la baba yangu. Kerubo alikuwa amelirudisha nyumbani, kama alivyosema siku zote.

"Mimi sijui," nikasema.

Kerubo alinitazama. Angeweza kukionyesha kile kitambaa. Angeweza kusema mbele ya wote ni nani aliyempa lile duara. "Pole kwa kufiwa, Mama Moraa," ndiyo tu aliyosema, kisha akawageuza watoto wake wakaondoka na shada lao. Mama yangu alizikwa bila ua hata moja. Nililia mpaka wanawake wawili wakanishikilia, nao walidhani namlilia mama.

Kerubo alifunga duka kabla ya Krismasi. Wakahamia kwao Mogaka, upande wa Magwagwa, wakapanda chai. Chumba chake kikachukuliwa na muuza mafuta ya taa, mtu mkimya, hakohoi wala hapigi chafya. Kicheko nilichokichukia kikaisha, na mimi nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Nilivumilia mwaka na zaidi. Siku moja nikapanda basi nikaenda Magwagwa, na nani kaniambia nifike saa saba? Nikawakuta wote kwenye mkeka. Nikasema yote nikiwa nimesimama mlangoni, kuanzia Daraja Mbili hadi langoni kwetu.

Kerubo hakushtuka. "Nilijua siku ileile ya mazishi," akasema. "Mtu mwingine angesema ndiyo, au angesema la. Wewe ulishindwa na yote mawili."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini hata nikikusamehe mara mia, duka langu halifunguki. Uliyasema sokoni, basi kayaseme sokoni. Ila kwanza keti ule."

Nikaketi. Mogaka akaninawisha mikono. Mkeka ulikuwa na nafasi, mwanangu, na ulikuwa nayo siku zote. Nilimeza ule ugali pamoja na machozi, na hakuna mtoto aliyenicheka.

Nikarudi Daraja Mbili, nikazunguka meza kwa meza nikisema nilidanganya. Wengine walicheka. Wengine hata hawakukumbuka ni muuza maua gani. Mama mmoja akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hata kama. Binti yangu singempa maua yake." Nilisema mpaka sauti ikakauka, na duka lile halikufunguliwa tena.

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Wivu utakujia, kwa sababu wewe ni mtu. Ukija, usiuvike nguo ya habari za mtaani. Nenda kwa huyo unayemwonea wivu umwambie, "Dada, natamani ulicho nacho," uone kama hatakusogezea nafasi. Na siku utakapoulizwa habari za mtu na ukweli unaujua, useme papo hapo, hata ukikuvua nguo mbele ya ukoo. Ile "sijui" yangu ilimmaliza Kerubo kuliko yote niliyoyanong'ona. Kesho, kabla hujafungua saluni yako, mpelekee yule jirani chai.

Duara unalolionaga pale ukutani ndilo hilo. Kerubo alinipa siku ile Magwagwa, na kitambaa kimepauka lakini ni chenyewe. Siku yangu ikifika, wapelekeeni watoto wake wasuke shada juu yake, kama watakubali. Wakikataa msiwalazimishe.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zetu akupe kazi ya mikono yako, akupe meza wanayoingojea wote, na kicheko cha nyumba ya pili kikikufikia, akupe moyo wa kucheka nacho. Nenda salama, mwanangu.