Kenge wa Kale Chini ya Karai

Niliondoa figa kavu jikoni kwa mwenzangu, nikaweka mahali pake jiwe lililolala mtoni tangu lizaliwe. Nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma.

Mimi si mtu wa kutoka. Soko la Otonglo ni hapo tu, nami huenda huko sukari ikiisha. Siku nyingi hukaa kibarazani nikimtazama jirani yangu, mama anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishaondolewa. Mafiga yake aliyaokota kwenye mabaki ya mawe ya msingi yaliyoletwa na lori kutoka ng'ambo ya ghuba ya ziwa. Asubuhi moja, jiko likiwa limepoa, niliona katika figa moja taya lenye urefu wa kidole, meno yamepinda kurudi nyuma. Nikapiga picha, nikamtumia mtu niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa kazi yake ni mifupa ya kale. Akajibu kwamba huenda ni mtambaazi mdogo mwindaji, wa jamii ya kenge, aliyekula wadudu na mayai kabla hajatokea binadamu wa kumfukuza kwa fimbo. Lisiguswe na moto tena.

Kichwa kikanivimba.

"Mama, unapikia juu ya mnyama wa ajabu."

"Ananunua samaki?"

"Alikufa zamani sana."

"Basi hana haraka."

Hata hivyo alikubali nilichukue, mradi nilete jingine kabla ya jioni, maana watu wakitoka kazini ndipo anapouza. Nikashuka kijitoni nyuma ya nyumba, nikachagua jiwe la duara, nikalipangusa kwa shati. Shuleni tulifundishwa kwamba maji yakipata moto hutanuka. Sikuona hilo linahusu jiwe lililokunywa maji.

Jioni, mafuta yakiwa yamekolea moto, jiwe lilipasuka. Hakuna aliyeungua. Karai liliinama tu, mafuta yakamwagika, na mgongo wazi wote ukalala majivuni. Wateja wakavuka barabara kwa mkaangaji mwingine, bila kelele, kama watu wanaotoka kanisani.

Nilikuwa kibarazani, kenge wangu mapajani amefungwa taulo. Mama akanijia, nikaanza kumweleza kwamba kitu kama hiki hakiwezi kurudishwa motoni. Alinisikiliza, kijiko cha kukaangia mkononi.

"Baba, huyu mjusi yako amekaa kwa moto yangu siku zote na hajawahi mwaga mafuta. Wewe umenisaidia mara moja tu. Leta jiwe yangu."